Milima Katika Santuri: Kusikiliza Malako Mugunga

Mugunga, mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara iendayo Sake, umejulikana duniani kwa sababu ya kambi za wakimbizi zilizofurika mwaka 1994, na tena kwa sababu ya watu waliohamishwa na vita vya miaka ya karibuni, kiasi kwamba ni nadra kutajwa pale panapozungumzwa habari za muziki. Hata hivyo, kati ya albamu za dansi zilizotengenezwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, hakuna inayostahili zaidi kusikilizwa hapo, juu ya ardhi ya mawe meusi ya volkano, kuliko ile ya mwimbaji Samba Mapangala na bendi yake Orchestra Virunga iliyopata sifa kwa jina la Malako, kwa kuwa bendi hiyo ilijipa jina la safu ya milima minane ambayo Nyiragongo, mlima wa volkano ulio jirani na Goma wenye kimo cha mita 3,470, ni mmojawapo.

Mapangala si mwana wa Kivu, eneo lenye jiji la Goma. Alizaliwa Matadi, magharibi kabisa mwa nchi, akasoma Kinshasa, na katikati ya miaka ya 1970 akaelekea mashariki hadi Uganda, alikounda bendi ya Les Kinois, kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977. Wanamuziki wengi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walikwenda Nairobi miaka hiyo, miongoni mwao Baba Gaston na wapigaji wa Super Mazembe na Les Mangelepa, kwa sababu huko kulikuwa na studio, kiwanda cha kufyatulia santuri na kumbi ambazo watu walicheza hadi alfajiri. Orchestra Virunga ilizaliwa mwaka 1981, na toleo la kwanza la albamu yake lilibeba neno disko katika jina, kwani disko na soul kutoka Marekani ndizo zilizotamba kwenye kumbi za vijana. Lakini jina hilo lilikuwa la kuvutia wanunuzi tu, maana aliyeweka santuri hiyo kwenye gramafoni alikutana na rumba ya Kikongo iliyochangamshwa kwa mwendo wa Nairobi. Baadaye nyimbo hizo zilitolewa Ulaya kwa jina la Malako, na mwaka 1990 zikarudi sokoni kama Virunga Volcano.

Uzuri wa albamu hiyo unategemea sana urefu wa nyimbo zake. Katika santuri ndogo, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mrefu wa dansi hukatwa vipande viwili, na msikilizaji hulazimika kuinuka kuigeuza santuri pale hasa utamu unapokolea. Santuri kubwa inayozunguka mara 33 hubeba takriban dakika ishirini kila upande, na Virunga waliitumia nafasi hiyo bila haraka: sauti za waimbaji huingia kwa kupatana, tarumbeta na saksofoni huwapokea, kisha taratibu wimbo hufika kwenye sebene, yaani sehemu ambayo maneno hupungua na magitaa hushika uongozi.

Hapo ndipo panapohitaji sikio tulivu. Gitaa la solo hupiga juu, kwa noti nyembamba zinazojirudia na kubadilika kidogo kidogo. La akompanyema, yaani la kusindikiza, hushikilia mapigo ya chini kwa noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Na katikati yao, katika bendi nyingi za Kikongo, hukaa lile liitwalo mi-solo, ambalo kazi yake ni kuziba mapengo ya wenzake bila kuwafunika. Besi, kwa upande wake, haitembei sawasawa: huruka, hunyamaza kwa mapigo mawili matatu, kisha hurudi chini kwa kishindo, na mtu asiyeusikia ukimya huo hawezi kuelewa kwa nini mguu wake umeanza kucheza. Huo ndio ufundi mkubwa zaidi wa Virunga, na inasikitisha kwamba hautajwi mara nyingi kama sauti ya Mapangala inavyotajwa, ingawa sauti hiyo nayo, nyororo na ya juu, yafaa kusifiwa.

Leo wengi katika mitaa ya Goma husikiliza muziki kwa simu, nyimbo zikiwa zimenakiliwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na spika ya simu, kwa udogo wake, haina uwezo wa kutoa sauti nzito za chini. Hivyo besi hutoweka, na kinachobaki ni sauti za waimbaji na gitaa la juu. Simu ikiunganishwa na spika kubwa kidogo, hata ya kuchajiwa kwa jua, wimbo hupata miguu yake. Tatizo la pili ni tabia ya kurukia sebene moja kwa moja, jambo linaloeleweka kwenye sherehe lakini linaloinyima haki albamu hii, kwa kuwa mwendo wa mwisho umejengwa juu ya mwanzo uliopoa. Msikilizaji wa Mugunga ana faida ambayo mnunuzi wa London hakuwa nayo mwaka 1990: Mapangala huimba kwa Kilingala na Kiswahili, na katika Goma lugha zote mbili husikika sokoni siku hiyohiyo.