Kukiri Kosa: Urithi wa Kilima cha Gahini

Msafiri atokaye Kigali kuelekea mashariki, akifika Kayonza na kushika njia ya kaskazini, hukikuta kilima cha Gahini, juu ya maji ya Ziwa Muhazi. Hapo ndipo wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walipofungua kituo mwaka 1925. Hawakuwa Waprotestanti wa kwanza nchini Rwanda. Wajerumani wa Bethel walitangulia mwaka 1907, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa.

Daktari Joe Church aliwasili Gahini mwaka 1928, na njaa kuu ya Rwakayihura ikamkuta hapo. Wagonjwa walifurika, naye akachoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na huko kilimani Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Mzungu msomi akamkiria Mwafrika kwamba ameishiwa nguvu. Wakaketi pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Katika zama za ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha Gahini. Yosiya Kinuka aliongoza wauguzi wa hospitali. Mikononi mwa Waafrika hao kazi ya wageni ikapata mizizi. Mwishoni mwa mwaka 1933 watu walisimama mkutanoni, mmoja baada ya mwingine, wakiungama makosa yao. Aliyeiba alitakiwa kurudisha. Aliyekosana na mwenziwe, kupatana naye. Waumini hao wakaitwa Balokole, yaani waliookoka, na uamsho wao ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Lakini jina la uwokovu peke yake si ngao. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia; na mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mchungaji mmoja wa Kiprotestanti. Baadaye, katika mabaraza ya Gacaca yaliyofungwa mwaka 2012, Wanyarwanda walirudia somo lile zito: kosa litajwe mbele ya aliyekosewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkuu mbele ya askari wake, mume mbele ya mkewe, mzazi mbele ya mwanawe: anayekiri kosa mapema hujenga nyumba, anayelificha huwaachia watoto wake deni.