Mashine ya Kulehemu ya Dizeli: Mahali pa Kuiweka na Jinsi ya Kuitumia

Tangu chama chetu kilipopata mashine ya kulehemu iendeshwayo kwa injini ya dizeli, wanachama wengi wamekuja kuiazima. Mmoja trela lake limekatika, wa pili ana mlango wa ghala uliong'oka bawaba, wa tatu ana pipa la kupikia makonyo linalovuja. Haya ni mambo ya kheri, na ndiyo sababu tukainunua. Mwaka 2010 kisiwa chetu cha Pemba kiliunganishwa na umeme wa Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Lakini nguzo hazifiki kila shamba, na kazi ya shamba haingoji nguzo.

Pamoja na hayo yatupasa kusema jambo lisilopendeza. Masika yaliyopita mashine hii iliwekwa ndani ya ghala isilowe mvua, na mlango ukarudishwa. Sisi wa ofisini tuliulizwa, nasi tulikubali. Haikutimia nusu saa, vijana wawili waliokuwa kazini walishikwa na kichwa na kichefuchefu, na mmoja akaanguka. Mzee aliyekuwa akipita nje alisikia kelele, akafungua milango yote, wakatolewa na kupelekwa hospitali. Alhamdulillahi, wote wawili ni wazima. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo maana twaandika makala haya.

Mahali pa kuiweka

Moshi wa injini una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikana na damu yake na kuchukua nafasi ya hewa njema, naye hulegea kabla hajatambua kuwa yumo hatarini. Ni kweli kwamba injini ya dizeli hutoa gesi hii kidogo kuliko ya petroli, lakini katika chumba kilichofungwa hata hicho kidogo chaweza kuua. Tena moshi wa dizeli una madhara ya siku nyingi: mwaka 2012 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliutia katika orodha ya vitu viletavyo saratani, na mwaka 2017 wakautia na moshi wa kulehemu.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: mashine haiingii ndani. Si ghalani, si barazani, hata mvua ikinyesha. Mlango mmoja ulio wazi hautoshi. Mashine ikae nje, na bomba lake la moshi lielekee uendako upepo, mbali na madirisha na mbali na makuti. Kitakachoingia ndani ni waya mrefu peke yake. Mvua ikizidi, kazi isimame mpaka ianuke.

Ardhi iwe ngumu na tambarare. Mashine za namna hii zina uzito mkubwa, nyingine hupita kilo 300, na zikikaa mshazari oili hukimbilia upande mmoja, injini ikaharibika. Iachiwe nafasi ya hatua moja na zaidi kila upande ipate kupumua. Ikiwa juu ya trela, ifungwe kwa bolti na magurudumu yawekewe vizuizi. Waya wa ardhi aufunge fundi umeme, kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Wala mtu asijaribu kuiunganisha na nyaya za nyumba ili apate taa: umeme huo waweza kurudi mpaka kwenye nguzo na kumwua fundi aliye juu akitengeneza.

Kabla ya kuiwasha na baada ya kuizima

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama oili, tazama maji ya rejeta, tazama mkanda wa feni, na mwaga maji yaliyotuama katika chujio la dizeli. Ukiiwasha, iache izunguke dakika chache bila ya kazi ipate moto. Ukimaliza, vilevile iache dakika chache ipoe ndipo uizime. Usifungue rejeta yenye moto, kwani maji yatakurukia usoni. Dizeli hutiwa injini ikiwa imezimwa na kupoa, wala mtu asivute sigara karibu. Kuiacha injini ikivuma bure saa nyingi nako ni kuiharibu: dizeli isiyoungua hujaa masizi ndani yake.

Umeme

Wengine hudhani umeme wa kulehemu hauumi kwa kuwa volti zake ni chache. Mashine ikiwaka lakini bado hujaanza kulehemu, kwenye mpini huwa na volti 60 hata 80. Kwa mtu mkavu mwenye viatu huenda asidhurike. Kwa mtu aliyelowa jasho, amevaa kandambili, amesimama kwenye tope, zatosha kumwua. Basi vaa viatu vya ngozi na glavu kavu, simama juu ya ubao mkavu, na usijizungushie waya mwilini. Waya uliochubuka haufungwi kitambaa, hubadilishwa.

Kibanio cha waya wa kurudi kifungwe kwenye chuma kile kile unacholehemu, karibu na mahali pa kazi, baada ya kukwangua kutu na rangi. Kikifungwa mbali, umeme hutafuta njia yake kupitia beringi na minyororo ukaviunguza.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima injini kwanza.

Macho na mwili

Mwanga wa kulehemu huunguza macho. Ubaya wake ni kwamba mchana huna habari. Usiku ndipo macho huwasha kama yaliyotiwa mchanga. Miwani ya jua haifai kitu. Kinyago kiwe na kioo cheusi cha nambari 10 au 11 kwa kazi zetu za kawaida, na watoto wasiachwe kutazama. Kanzu, kikoi na nguo za nailoni zote ziwekwe kando. Vaa suruali nzito ya pamba iliyoshuka juu ya viatu.

Wanaolehemu mabati yenye zinki wajue kwamba moshi wake huleta homa na baridi baada ya saa chache, hata mtu akadhani ni malaria. Maziwa hayazuii. Kinachofaa ni kuikwangua zinki kwanza na kufanya kazi penye upepo.

Moto

Hapa ndipo sisi wa karafuu twapaswa kuogopa zaidi. Cheche huruka hata mita 10, na ghala zetu zimejaa majamvi, magunia, makumbi na makonyo makavu. Lehemu nje kila iwezekanapo. Isipowezekana, ondoa vyote hivyo kwanza, fagia vumbi, weka ndoo za maji na mchanga, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine awe mlinzi. Kazi ikiisha, mlinzi abaki saa nzima. Maji ni ya kuzimia majani na magunia, injini ikiwa imezimwa. Usiyamwage juu ya mashine wala juu ya dizeli iwakayo.

Na pipa lililowahi kutiwa petroli, dizeli au mafuta ya karafuu lisilehemiwe shambani kabisa, hata kama laonekana tupu na limeoshwa. Mvuke uliobaki ndani hupata moto na pipa hupasuka kama bomu. Mwenye pipa la makonyo linalovuja alilete kwetu, tutalipeleka kwa fundi anayejua kulisafisha.

Kuanzia msimu huu, mwenye kuazima mashine atatuonyesha kwanza mahali atakapoiweka. Akisema ndani, hatutampa, awe nani. Tusikasirikiane kwa hilo. Tulikubali mara moja, na mara hiyo ilitosha kutufunza. Chuma kilichokatika huungwa. Roho ikitoka haina fundi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama