Simu iko mfukoni, lakini mtandao umejaa

UNA bando, betri iko sawa na mistari ya mtandao yote imesimama. Bado simu haitoki, ng'o! Wengi hulaumu wanaotazama video. Kumbe mtandao unaweza kulemewa hata na simu ambazo wenyewe wamezitia tu mfukoni.

Iko hivi. Kabla hujapokea hata emoji moja, simu yako na mnara husalimiana kwanza: niko hapa, nipe njia, nimemaliza, funga. Jumbe hizo fupi huitwa ishara za udhibiti. Hazikuli bando, lakini mitambo ya kampuni ya simu lazima ijibu kila moja. Ukiwa kwenye matatu kutoka Githurai hadi mjini, simu hubadilisha minara njiani. Salamu juu ya salamu!

Halafu kuna apu, hizo sasa ndizo zenye kelele. Mnamo Januari 25, 2012, wateja takriban milioni 2.5 wa NTT Docomo jijini Tokyo walitatizika kwa saa kadhaa baada ya mitambo mipya kuzidiwa na ishara. Kampuni hiyo ilitaja apu za kupiga simu na kuchati kwenye simu za Android, ambazo zilifanya simu itume ishara kila dakika 28 hata isipotumika.

Dakika 28 ni nyingi, sivyo? Piga hesabu. Simu milioni moja zikiamka kila baada ya dakika 28, hizo ni karibu 600 kila sekunde. Tuseme kila kuamka kunahitaji ishara 10. Tayari ni 6,000 kwa sekunde, na hakuna aliyepiga simu!

Wahandisi hukadiria vivyo hivyo: idadi ya simu, mara ambazo kila moja huamka, hupiga au huhama mnara, kisha wanazidisha kwa ishara za kila tukio. Wastani wa siku hauwasaidii sana. Wanachoangalia ni ile saa ya msongamano mkubwa zaidi. Taabu ni kwamba binadamu hulala usiku, apu hailali.

Kibaya zaidi ni simu zote kubisha hodi pamoja. Julai 2022, matengenezo ya ruta katika kampuni ya KDDI, huko huko Japani, yalikata mawasiliano kwa muda mfupi. Simu ziliporudi kujisajili kwa pamoja, mitambo ikazama. Kero hiyo ilidumu zaidi ya saa 60.

Apu usizotumia unaweza kuzizuia kufanya kazi chinichini kwenye mipangilio ya simu. Betri ndiyo itakayofurahi kwanza, maana kila salamu huamsha redio ya simu.