Kome Asiyepata Samaki Wake

Chini ya mchanga na kokoto za Mto Mississippi, pale unapopita kati ya Minneapolis na Saint Paul, wanaishi wanyama ambao wakazi wengi wa miji hiyo hawajapata kuwaona. Ni kome wa maji baridi. Baadhi ya jamii zao huishi zaidi ya miaka 50, na katika umri huo wote hawasogei mbali na pale walipoanzia. Maji yakiharibika samaki hukimbia, lakini kome hana pa kukimbilia. Ndiyo maana mtaalamu anayetaka kujua hali ya mto humtafuta kome kwanza.

Kazi yake ni kuchuja. Huvuta maji, akala vijimea na chembe laini, kisha huyarudisha mtoni yakiwa safi kuliko alivyoyapokea.

Ila uzazi wake ndio wa ajabu. Lava wa kome, mdogo kama chembe ya vumbi, hawezi kukua mpaka ajishikize kwenye matamvua au mapezi ya samaki. Hukaa hapo kwa majuma kadhaa, halafu hudondoka na kuanza maisha yake mchangani, pengine mbali sana na mama yake. Tena si samaki yeyote: kila jamii ya kome ina samaki wake. Wako majike wenye ukingo wa nyama ulioumbika kama kisamaki, wenye hata doa mfano wa jicho, nao huuchezesha majini. Samaki mkubwa akija kuuma, hurushiwa lava kinywani.

Sasa fikiria samaki huyo asipofika. Kome mmoja wa mto huu, mweusi hata wataalamu wakampa jina la mpingo, alikuwa miongoni mwa walio wengi kabisa. Gamba lake nene lilipendwa sana na viwanda vya vifungo vya mashati vilivyoanza Muscatine, Iowa, mwaka 1891. Uvunaji ule ulimpunguza vibaya, lakini pigo kubwa zaidi lilikuwa jingine. Samaki wake ni heringi mmoja wa mtoni, aliyekuwa akipanda kutoka kusini kila mwaka. Mwaka 1913 bwawa la Keokuk, Iowa, likakamilika na kumfungia njia. Zaidi ya kilomita 700 juu ya ukuta ule, kome wazee waliendelea kuishi miongo mingi bila kizazi cha kuwarithi. Kwangu mimi, mnyama wa namna hiyo ameshatoweka, japo bado anapumua.

Miji yenyewe nayo ilikosea. Majitaka yake yalimwagwa mtoni yakiwa ghafi, na bwawa la Hastings la mwaka 1930 likazidi kuyatuamisha. Mtambo wa kuyasafisha ulifunguliwa Pigs Eye, Saint Paul, mwaka 1938. Ikaja sheria ya taifa ya maji safi ya mwaka 1972, kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, kazi ngumu ya kutenganisha mabomba ya mvua na ya majitaka. Hapo ndipo kome walipoanza kurudi.

Wengine walisaidiwa. Kome aitwaye jicho la Higgins, aliyeingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1976, alipandikizwa upya katika mto huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kituo cha Genoa, Wisconsin, samaki hubebeshwa lava wake kwa mikono ya watu. Haraka ya kazi hiyo ililetwa na kome wa milia, mgeni kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, ambaye hujibandika kwa mamia juu ya kome mwenyeji mpaka ashindwe kula.

Mgeni huyo huhamishwa na mashua za watu, na lava wake hawaonekani kwa macho. Msomaji wangu unayeishi Brooklyn Park au popote karibu na maziwa ya Minnesota, ukitoka kuvua, ng'oa majani yaliyonasa kwenye mashua, toa kizibo maji yote yamwagike, na chambo kilichobaki kitupe kwenye pipa la taka, kamwe si majini. Na kome hai ukimkuta, mwache palepale.