Kadi ya grafiki: anza na wati

Wengi wakiona 4060 na 3080 hudhani namba kubwa ndiyo kadi bora. Sivyo. Katika majina ya NVIDIA, tarakimu mbili za mwanzo hutaja kizazi na mbili za mwisho hutaja daraja: 50 la chini, 60 la kati, 70 na 80 la juu, 90 la wenye nacho. Ndiyo maana RTX 3080 ya mwaka 2020 bado inaiacha mbali RTX 4060 ya 2023. Kwa kadi za AMD za mtindo wa RX 6600, tarakimu ya kwanza ni kizazi, ya pili ni daraja.

Ukipanda daraja unalipia hasa nukta zinazochorwa. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na ushee. Ya 4K inapita milioni 8. Mwenye skrini ya kwanza akinunua daraja la 80, fedha yake nyingi italala tu.

Lakini kwa mwanafunzi wa SUA au Mzumbe hapa Morogoro, daraja ni swali la pili. Mashine aliyonayo mara nyingi ni mtumba wa ofisi, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, yenye pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi. Isitoshe, plagi zake nyingi si za kawaida, kwa hiyo kuibadilisha ni shughuli. Kadi itategemea tundu la ubao mama peke yake, na tundu hilo hutoa wati 75, basi. RTX 3060, inayokula wati 170, hapo haina nafasi.

Chaguo langu kwa mashine hizo ni GTX 1650 ya 2019, toleo la wati 75 lisilo na tundu la waya, yenye VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi, ya GB 4. Inacheza GTA V vizuri, na EA Sports FC 24 haiisumbui. Mwenye fedha zaidi achukue RTX 3050 ya GB 6, wati 70. Ila asome boksi: RTX 3050 ya GB 8 hula wati 130. Kama kasha la mashine ni jembamba, atafute kadi ya kimo kifupi.

Mchezo huo wa majina una mfano mbaya zaidi. GT 1030 zipo mbili. Yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 husafirisha GB 48 za data kwa sekunde. Yenye DDR4 haifiki 17. Kwangu huo ni ulaghai uliohalalishwa.

Ulaghai haramu nao upo: kadi kuukuu huandikiwa upya programu yake ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024, imetusogezea soko la Kariakoo, ambako kadi hununuliwa. Ukienda, muuzaji aichomeke kadi mbele yako na afungue GPU-Z, programu ya bure ambayo huzibaini nyingi za namna hiyo. Kwa RX 580 ya mtumba uliza ilikotoka. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokesha miaka zikifanya kazi hiyo zilimwagwa sokoni.

Likabaki joto. Kadi nyingi za NVIDIA hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 83. Anayeishi Morningside, huko juu Uluguru, ana ubaridi wa bure. Wa Msamvu, ikifika Februari, apulize vumbi kwenye feni na asiisukume mashine ukutani.