Dawa Hutulizaje Maumivu?



Umebeba magunia sokoni. Jioni goti limevimba. Unameza diklofenaki, na uvimbe unapungua. Kwa nini?

Mahali palipoumia, mwili hutengeneza prostaglandini. Hizo huongeza uvimbe, joto na maumivu. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia zisitengenezwe. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya vivyo hivyo.

Lakini angalieni: tumboni prostaglandini ni mlinzi. Hukinga ngozi laini ya ndani isiliwe na tindikali. Dawa haichagui, ikizuia gotini, huzuia na tumboni. Hata sindano hufika huko kwa njia ya damu. Hivyo anayeitumia ovyo huweza kupata vidonda vya tumbo.

Basi shikeni haya. Meza baada ya kula. Usichanganye dawa mbili za jamii hii. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini. Mjamzito, au mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, amwulize daktari kwanza. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali upesi.

Maswali:
1. Prostaglandini hufanya kazi gani tumboni?
2. Kwa nini sindano pia huweza kudhuru tumbo?