Huduma kwa Mteja Kipindi cha Uchumi Mgumu: Wajibu wa Kiongozi, Mtumishi na Mwananchi

Bajeti ya taasisi inapobana, mafungu matatu huwa ya kwanza kupunguzwa: mafunzo ya watumishi, safari za usimamizi na vitendea kazi vya ofisi. Hoja inayotolewa ni kwamba mafungu hayo yanaweza kusubiri. Hata hivyo, wakati huohuo ndipo foleni kwenye ofisi za umma huongezeka. Mfanyabiashara mdogo aliyepoteza mtaji anafuatilia leseni mpya, mstaafu anafuatilia mafao yake, na mzazi anahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto ili akamilishe taratibu za shule. Kwa hiyo, kipindi ambacho taasisi ina fedha kidogo zaidi ndicho kipindi ambacho wananchi wanaihitaji zaidi.

Gharama ya huduma duni haionekani katika vitabu vya taasisi, kwa kuwa anayeilipa ni mwananchi. Mkazi wa kijijini anayefika makao makuu ya wilaya na kuambiwa arudi wiki ijayo hupoteza nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kazi shambani. Akirudishwa mara tatu kwa sababu hakuelezwa mapema nyaraka zinazotakiwa, gharama hiyo inaweza kuzidi ada ya huduma yenyewe. Maelezo sahihi siku ya kwanza, yaliyotolewa na mtumishi anayeijua kazi yake, yangemwondolea hasara hiyo bila Serikali kuongeza hata shilingi moja.

Funzo la miaka ya 1990

Tanzania ina uzoefu wa kutosha katika jambo hili. Kufuatia mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980, Serikali ilianza kutekeleza Programu ya Mageuzi katika Utumishi Serikalini mwaka 1991. Kazi kubwa ya awamu hiyo ilikuwa kupunguza matumizi, na idadi ya watumishi ilishuka kutoka zaidi ya 350,000 mwanzoni mwa muongo hadi chini ya 280,000 ulipomalizika. Mzigo wa mishahara ulipungua, lakini ilibainika kuwa kupunguza idadi peke yake hakuongezi ubora wa huduma. Mtumishi aliyebaki kazini bila ujuzi, vifaa wala usimamizi aliendelea kufanya kazi kwa mtindo uleule, huku watu wa kuwahudumia wakiwa wengi zaidi.

Hatua zilizofuata zililenga kuziba pengo hilo. Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 iliruhusu baadhi ya huduma kusimamiwa na wakala wenye malengo ya utendaji yanayopimika. Mwaka 2000 ilianza Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma, na mwaka huohuo kikaanzishwa Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania kwa ajili ya kuwajengea watumishi uwezo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliweka msingi wa ajira na upandishwaji vyeo unaozingatia sifa na utendaji. Mtazamo ulihama kutoka swali la watumishi ni wangapi hadi swali la watumishi hao wanafanya nini na wanafanyaje.

Mkataba wa Huduma kwa Mteja

Chombo kimoja kilichotokana na mageuzi hayo ni Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Huu ni waraka ambao taasisi inautangaza hadharani, ukieleza huduma inazotoa, nyaraka ambazo mwombaji anapaswa kuwa nazo, ada inayotozwa kama ipo, muda wa kukamilisha kila huduma na mahali pa kupeleka malalamiko. Aidha, mkataba hutaja wajibu wa mteja, ikiwa ni pamoja na kutoa taarifa za kweli na kutotoa rushwa.

Mkataba huu una thamani pale tu unapotumika. Ukibandikwa ukutani na kusahaulika, hubaki kuwa pambo. Kiongozi makini huutumia kama kipimo: kama umeahidi kibali ndani ya siku saba, huuliza kila mwezi ni maombi mangapi yamezidi siku hizo na kwa nini. Mara nyingi jibu halihusiani na uhaba wa fedha. Huenda jalada lilikaa mezani kwa afisa aliye likizo ambaye hakukabidhi kazi, au saini ya mtu mmoja ilisubiriwa ilhali sheria inaruhusu kukasimu madaraka. Kasoro za aina hiyo huondolewa kwa uamuzi wa kiongozi na hazihitaji bajeti mpya.

Upimaji wa utendaji

Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliofahamika kwa kifupi cha OPRAS, ulianza kutumika mwaka 2004. Ulimtaka mtumishi na msimamizi wake kukubaliana malengo ya mwaka na kuyapima pamoja. Changamoto yake ni kwamba katika ofisi nyingi fomu zilijazwa kwa ajili ya kutimiza utaratibu, hasa unapokaribia wakati wa kupandishwa vyeo. Serikali imeuondoa na kuleta mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, ambao unaunganisha majukumu ya kila mtumishi na mpango wa taasisi yake na kumwezesha msimamizi kufuatilia utekelezaji mwaka mzima.

Pamoja na hayo, mfumo hauwezi kuchukua nafasi ya kiongozi. Takwimu zitaonesha mtumishi yupi amechelewa, lakini hazitaonesha kama ni mzembe, hajafundishwa au amebebeshwa kazi ya watu watatu. Kila sababu ina tiba yake, na anayepaswa kuibaini ni msimamizi anayewafahamu watu wake.

Kuendeleza watumishi kwa rasilimali chache

Maslahi ni sehemu ya suala hili. Mwezi Mei 2022, wakati bei za mafuta na bidhaa zilipokuwa zimepanda duniani, Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kiongezwe kwa asilimia 23.3. Mtumishi anayewaza nauli ya kesho hawezi kumsikiliza mteja kwa utulivu. Hata hivyo, mshahara peke yake haumfundishi mtu kazi.

Mafunzo nayo si lazima yawe ya gharama kubwa. Mafunzo elekezi kwa mwajiriwa mpya, saa moja ya kujadili malalamiko ya wiki, na kumzungusha mtumishi katika vitengo mbalimbali ni njia zinazoweza kufanyika ndani ya ofisi. La muhimu zaidi ni kurithishana ujuzi. Umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, hivyo tarehe ya kuondoka kwa kila mtumishi hujulikana mapema. Taasisi isiyomwandaa mrithi hupoteza kwa siku moja uzoefu wa miongo mitatu, kisha hutumia fedha nyingi kuutafuta upya. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi naye ana nguvu katika kuboresha huduma. Kabla ya kufika ofisini ni vyema aulizie Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa taasisi husika ili ajue nyaraka na muda uliowekwa. Malipo ya Serikali yafanyike kwa kumbukumbu namba ya malipo, na fedha zisikabidhiwe mkononi kwa mtu. Akihitaji taarifa iliyo mikononi mwa taasisi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi imjibu ndani ya siku zisizozidi 30.

Asiporidhika, hatua ya kwanza ni dawati la malalamiko la taasisi hiyo. Vilevile, anaweza kutumia mfumo wa e-Mrejesho kuwasilisha malalamiko, maoni, ushauri au pongezi, ikiwemo kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#. Viashiria vya rushwa hupelekwa TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo, na masuala ya ukiukwaji wa misingi ya utawala bora hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Malalamiko yenye tarehe, jina la ofisi na huduma iliyoombwa hushughulikiwa kwa urahisi kuliko manung'uniko ya jumla.

Pongezi nazo zina uzito wake. Mtumishi aliyehudumia vizuri katika mazingira magumu anastahili kutajwa, kwa kuwa taarifa hiyo humwonesha kiongozi ni utaratibu upi unaofanya kazi na unaofaa kuigwa na ofisi nyingine.